Barua kwa mwanangu kuhusu dawa ya kusafisha mwili

Mwanangu,

Salamu kutoka Tanga. Huku hatujambo, baba yako goti linamsumbua ila mdomo mzima. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mwenzako wa kazini anauza vipakiti vya unga wa kusafisha tumbo, figo, damu na kizazi kwa mpigo, dozi ya wiki mbili shilingi 65,000, na anadai kila mtu mzima anatakiwa asafishwe ndani mara mbili kwa mwaka. Unaniuliza kama ni kweli na kama unywe. Nakuandikia badala ya kupiga simu maana kwenye simu utanikatiza.

Usinywe. Sasa nikueleze kwa nini.

Habari za kusafisha tumbo hazikuanza na huyo mwenzako. Bibi yako, kila shule zikikaribia kufunguliwa, alitupanga barazani asubuhi kabla hatujatia kitu mdomoni. Chumvi ya haluli inakorogwa kwenye kikombe cha bati, chungu mpaka mwili unasisimka, unameza huku umeziba pua, halafu unapewa kipande cha ndimu ufyonze. Ikifika saa nne, foleni ya chooni haisemeki. Jirani zetu wao walikuwa watu wa mafuta ya nyonyo, na wengine sanamaki, majani ya kuharisha. Bibi alikuwa anawinda minyoo, na minyoo kweli ilikuwepo, maana tulicheza pekupeku na vyoo vilikuwa vya kuhesabu. Ila haluli haiui minyoo. Inavuta maji yaingie utumboni na kusukuma kilichomo, basi. Kazi aliyoitaka bibi leo inafanywa na kidonge cha albendazo cha miligramu 400, na watoto wanapewa shuleni.

Hivyo vipakiti, kama wameandika kilichomo, vigeuze usome. Mara nyingi kwenye dawa za namna hii utaikuta sanamaki ileile, na jina la kigeni juu yake. Inaukera utumbo mpana, unakaza na kusukuma. Unaenda chooni mara sita, unapanda mzani, kilo moja imepungua, unafurahi. Kilichotoka ni maji na kinyesi. Chakula kilishafyonzwa zamani kwenye utumbo mwembamba, na mafuta ya mwili yako palepale. Ukiendelea wiki mbili unapoteza na potasiamu, ndipo misuli inakaza na moyo unaanza kudunda ovyo. Na kama bado unameza vidonge vya majira vya kuzuia mimba, ukiharisha sana kidonge kinaweza kupita bila kufanya kazi. Hilo sidhani kama amekuambia.

Ile picha uliyonitumia ya kitu kirefu cheusi, ambacho mwenzako anasema ni uchafu uliogandamana utumboni miaka kumi, nimeiangalia vizuri kwa miwani. Dawa hizo wengine huzitia maganda ya mbegu yanayovimba yakikutana na maji, wengine huongeza na udongo. Vinavimba, vinashikamana, vinapita vikiwa vimechukua umbo la utumbo, vinatoka hivyo. Kwa hiyo mteja anaonyeshwa dawa aliyoinunua, anaambiwa ni uchafu wake. Utando wa ndani ya utumbo hujibadilisha wenyewe kila baada ya siku chache. Hakuna kitu cha kukaa kimebandikwa pale miaka kumi.

Figo nazo hazihitaji fundi. Ziko mbili, kila moja ukubwa wa ngumi, na kwa siku zinachuja takriban lita 180 za majimaji ya damu, zinarudisha karibu yote, wewe unabaki na lita moja na nusu hivi ya mkojo. Damu yako yote ni kama lita tano, kwa hiyo inapitishwa pale tena na tena usiku na mchana. Ini nalo linachukua amonia inayotokana na protini, linaigeuza urea, figo zinaitoa. Kinachozichosha ni presha na sukari zisizodhibitiwa, na hii tabia ya kumeza diklofenaki kila mgongo ukiuma. Na mitishamba usiyoijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokwenda kliniki kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mmea wa Kichina uliochanganywa kimakosa na mwingine wenye sumu ya asidi ya aristolokiki. Zaidi ya wanawake 100 waliharibikiwa figo, wengine ikabidi wapandikizwe, na baadaye wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Walikwenda kutafuta kiuno chembamba tu.

Nije kwenye kizazi, maana najua hapo ndipo ulipotaka hasa kuuliza ukaona haya.

Nimekuwa mkunga hadi kustaafu, na nimeona kila kitu kikiingizwa: maji ya ndimu, shabu, magadi, kitunguu saumu, sabuni ya kufulia, mpaka dawa ya meno. Wengine wanajifukiza. Wote wanasema wanajisafisha. Sasa sikia. Uke wa mwanamke wa umri wako una bakteria wazuri wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo ndiyo ulinzi. Ukiosha ndani unawatoa hao, wabaya wanapata nafasi, harufu inakuja, unaosha zaidi, harufu inazidi. Ukitumia shabu unakauka, unachubuka, na mchubuko ni mlango wa magonjwa ya zinaa, Ukimwi ukiwemo. Osha nje kwa maji, sabuni isiyo na manukato ukipenda, kausha, vaa chupi ya pamba. Ukitoka haja, jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Hedhini badilisha pedi kila baada ya saa nne mpaka sita hata kama haijajaa. Ndani usiguse.

Ute ni kawaida. Unakuwa mweupe, siku nyingine unavutika na kuwa wazi, inategemea uko wapi kwenye mzunguko. Ukiona mzito wenye mabonge kama maziwa mgando na unawashwa, hiyo huenda ni fangasi. Wa kijivu wenye shombo ya samaki ni bakteria. Wa njano au kijani na tumbo la chini linauma, usilale nao, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kila mmoja una dawa yake, na anayeuza unga mmoja wa kutibu yote matatu hajui hata moja.

Upande wa nje ndiko kwenye kazi yako, na ndiko watu wanakodharau kwa sababu sabuni ni ya bei ndogo. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona wazazi wanakufa kwa homa ya uzazi zaidi kwenye wodi ya madaktari kuliko ya wakunga. Madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti wanakuja moja kwa moja kuzalisha. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili walikufa zaidi ya 18 katika kila wazazi 100. Kufika Juni, kama wawili. Wenzake walimdharau hata hivyo (sisi wakunga kisa hiki tunakipenda, utatusamehe). Na mwaka 1973, mimi mtoto, ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima walikaa vikundi kusikiliza redio, wakitoka hapo wanachimba vyoo na kufyeka nyasi. Hakuna aliyeambiwa akasafishe damu.

Wewe nimekuona unavyonawa. Unapitisha vidole kwenye maji, unakung'uta. Paka sabuni, sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, halafu gumba na ncha za vidole, hapo ndipo watu wengi wanaruka. Hesabu mpaka ishirini taratibu. Kucha hizo za kubandika uchafu unajificha chini yake, nimesema na nitasema tena. Na kwenye shughuli, likija beseni moja la watu wote kutumbukiza mikono, omba umiminiwe kwa jagi. Wakikuona unaringa, waache.

Meno mara mbili kwa siku, ya usiku usiruke. Masikio yaache, nta inatoka yenyewe, pamba inaisukuma ndani. Dodoki lisikae bafuni linanuka, lianike juani. Mkorogo sitaki hata kuusikia.

Kama choo kinakusumbua, na nadhani kinakusumbua kwa sababu unashindia chipsi na soda, rudi kwenye dona badala ya sembe, maharage, mchicha, kisamvu, papai asubuhi. Joto la Dar unalijua, kunywa maji mpaka mkojo uwe wa njano hafifu. Ongeza mboga kidogokidogo, ukianza ghafla tumbo litajaa gesi halafu utanilaumu mimi. Choo kikiwa na damu, au kikibadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, hapo ni daktari.

Umeshatimiza miaka 30. Kama ni kuangalia ndani, kuna kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, wanapaka siki na kuangalia kwa macho, vituo vingi vya serikali wanacho na majibu ya siki unapewa palepale. Nenda siku ambazo huna hedhi, na usijioshe ndani kabla. Ukiogopa kwenda peke yako nitapanda basi nije, ila nijulishe mapema nimtafutie baba yako mtu wa kumpikia.

Mama yako