Waridi la Uani Si Waridi la Chombo

Binamu yangu anafanya kazi kwenye shamba la maua huko Naivasha. Kila akija Nakuru mwisho wa mwezi hunibebea shada la mawaridi yaliyokataliwa kwa sababu yamepinda shingo au yana kovu kwenye petali. Kwa miaka miwili maua yale yalipokwisha kunyauka, nilikuwa nikivikata vile vijiti, nikivichomeka nyuma ya jikoni, na kungoja.

Vingine vilishika mizizi, na hapo ndipo nilipodanganyika. Kufikia Juni mwaka wa pili nilikuwa na mashina manne yenye majani yanayong'aa. Kisha Julai ikaingia na baridi yake ya usiku. Asubuhi moja nikakuta majani yamejikunja, yamepakwa weupe kana kwamba mtu amepita na chekecheo la unga. Nikanyunyiza dawa. Yakapona, yakaugua tena. Na ua lilipotoka, lilitoka moja tu, juu ya kijiti kirefu kama fimbo ya mzee, kisha mti ukanyamaza wiki nyingi.

Binamu alicheka sana. "Umeleta ng'ombe wa gredi halafu unamlisha kama mbuzi," akasema. Mawaridi ya kule kazini yamezalishwa ili yawe na kikonyo kirefu kilichonyooka, ua moja kubwa, na petali za kustahimili sanduku na ndege hadi Uholanzi. Yanakaa chini ya plastiki, yanapewa maji na mbolea kwa mpira wa matone, na kuna watu wanaolipwa kuyakagua kila siku. Kupigana na ukungu ule mweupe wa majani peke yake kwenye vumbi la hapa kwetu Lanet, Nakuru, si kazi aliyozaliwa nayo yule ng'ombe.

Waridi lililonifundisha kazi liko nyumba tatu kutoka kwangu, kwa bibi mmoja ambaye mtaa mzima tunamwita Shosho. Limesimama kando ya bomba, kichaka kipana kunizidi mikono, maua ya rangi ya waridi iliyopauka yakitoka kwa vishada, sita hadi kumi pamoja. Mbuzi hupita hapo. Watoto huchuma wakienda shule. Nilimwuliza analilisha nini.

"Maji ya kuoshea vyombo," akasema.

"Na mbolea, Shosho?"

"Mbolea ya nini? Halijaniomba."

Basi huo ndio ushauri wangu wa kwanza, na ukinisikiliza huo peke yake utakuwa umepata nusu ya safari. Usianze kwa muuza miche, anza kwa kutembea. Pita kwenye viwanja vya makanisa, shule za zamani, nyumba za kale zenye ua wa kayaba, utafute waridi ambalo mwenyewe amelisahau. Nenda mwezi wa Agosti, baridi na mvua zikiwa zimeshalijaribu. Waridi la kweli la uani wakati huo bado lina majani hadi karibu na ardhi, lina maua, na lina vitumba vinavyosubiri zamu. Lililobaki na miguu mitupu na majani juu tu kama mti uliotafunwa na twiga, lipite. Hakikisha pia kwamba linachanua mwaka mzima. Kuna mawaridi ya kale ya Ulaya yanayotoa maua mara moja kwa mwaka na yanahitaji baridi kali ya kwao ili yaamke. Hapa yatakuwa kijani kitupu. Yale yenye damu ya Uchina hayana shida hiyo, kwa kuwa tabia ya kurudia kuchanua ililetwa Ulaya na mawaridi ya Uchina mwishoni mwa karne ya 18.

Mimi huyaita mawaridi ya kienyeji, kama kuku. Najua ni utani tu. Waridi la asili katika Afrika yetu ya kitropiki ni moja, Rosa abyssinica, la nyanda za juu za Ethiopia na majirani zake. Mengine yote ni wageni waliozoea.

Na si sisi pekee tuliochoka na mawaridi yanayodeka. Kule Milwaukee, Marekani, William Radler alipenda mawaridi lakini hakupenda kuyanyunyizia dawa, akakaa miaka akipandanisha na kuchagua yale yasiyougua. Mwaka 2000 kichaka chake, Knock Out, kiliingia sokoni, na kikapandwa kila mahali, hadi kwenye viegesho vya magari. Kisha ukaja ugonjwa wa virusi unaosambazwa na utitiri mdogo anayepeperushwa na upepo, na kwa kuwa vichaka vilikuwa vimepandwa vikigusana, ukapita kama moto wa nyasi. Mti sugu kwa ugonjwa mmoja si sugu kwa yote. Ndiyo maana sijapanda mstari mzima wa aina moja hata pale nilipokuwa na miche ya kutosha.

Ukitaka jeupe, Iceberg ni la kuaminika. Lilizalishwa na Kordes wa Ujerumani mwaka 1958. Mvua ikizidi litapata ugonjwa wa madoa meusi kwenye majani, sitakuficha, lakini linaangusha majani yale, linatoa mengine na kuendelea na maua yake bila kukulilia.

Kuotesha kwa kijiti si uchawi. Kata tawi lililotoka kuchanua, unene wa penseli, urefu wa shibiri moja, lenye macho manne hivi, yaani zile sehemu za kuchipukia. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Zika theluthi mbili kwenye kopo lililotobolewa, lenye mchanga na udongo nusu kwa nusu, lifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kisha uliweke kivulini. Usilivute kila siku kuona kama limeshika! Wiki sita hadi nane. Kati ya vijiti kumi nikipata vitano nafurahi.

Faida ya kijiti ni kwamba mti unasimama juu ya mizizi yake mwenyewe. Hili nililijua kwa hasara. Nilinunua miche mitano kando ya barabara, niliyoambiwa ni myekundu. Mwaka wa kwanza ilikuwa myekundu kweli. Wa pili ikatoa machipukizi marefu yenye nguvu za ajabu, nami nikayashangilia, nikayafungia hata vijiti vya kuyategemeza. Kumbe ilikuwa miche ya kuunganishwa, waridi moja limebandikwa juu ya shina la jingine, na yale machipukizi yalitoka chini ya kifundo cha maungio, kwenye shina la pori linalobeba. Likamnyonya mwenzake mpaka akafa. Ukiwa na mche wa kuunganishwa, angalia kile kifundo kilichovimba karibu na udongo. Kitakachotoka chini yake, fukua hadi kinapoanzia ukinyofoe kwa mkono. Ukikikata kwa mkasi umekipogoa tu, kitarudi na ndugu zake.

Upande wa udongo, Nakuru tumebarikiwa na pia tumeonewa. Majivu ya volkano ya pande hizi ni mepesi, hayatuamishi maji, na mizizi ya waridi haipendi kukaa majini. Lakini maji yale yale yanapita haraka na kuondoka na chakula. Kwa hiyo nachimba shimo la futi moja na nusu kwenda chini na kwenda pembeni, nachanganya nusu debe ya samadi ya ng'ombe iliyooza hadi haina harufu, napanda mvua ya Aprili ikishaanza, hatua moja kubwa kati ya mche na mche. Samadi ya kuku mbichi iliwahi kuniunguzia miche mitatu kwa wiki moja. Jua lisipungue saa sita kwa siku. Juu ya udongo weka matandazo, nyasi kavu au mabua ya mahindi, lakini yasiguse shina.

Maji hutegemea unayapata wapi. Ya kisima kirefu pande hizi mara nyingi yana magadi. Ukiona majani machanga yamekuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mti haukosi chuma udongoni, umezuiwa kukichukua. Mimi nilihamia maji ya bati kutoka kwenye tangi, nikaongeza mboji, na kijani kikarudi taratibu. Mche mchanga unapata lita kumi mara mbili kwa wiki. Mkubwa naukumbuka kiangazi tu. Mwagia chini, asubuhi. Madoa meusi yanahitaji jani libaki na unyevu kwa muda wa saa saba hivi ndipo yashike, kwa hiyo anayemwagia juu ya majani jioni anayaandalia kitanda.

Isipokuwa Januari na Februari. Vumbi likiwa limetanda na majani yakianza kuwa na rangi ya shaba na vijitando chini yake, huyo ni utitiri, na utitiri hupenda ukavu na vumbi. Hapo yapige majani maji kwa nguvu, hasa upande wa chini, mapema asubuhi ili jua liyakaushe. Vidukari navyo nawapa maji ya sabuni, au nawaachia wale wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni, ambao hufanya kazi bila mshahara. Sijanunua dawa ya mawaridi tangu nilipong'oa yale ya Naivasha.

Kupogoa nilikuwa nakuogopa sana. Siku moja nikiwa kazini, kijana anayenikatia ua aliamua kunifanyia hisani. Kiswahili nacho kina hatia hapa: nilimwambia apunguze ua, akaanza na kayaba, akamalizia na maua. Kwa panga. Nilirudi nikakuta kichaka changu kimefika magotini, nikakaa kwenye ngazi nikakosa la kusema. Baada ya wiki saba kikachanua kuliko nilivyowahi kukiona. Sasa nakata theluthi moja mwenyewe, mwishoni mwa Februari kabla ya mvua, na tena Septemba kidogo. Kila mwaka natoa shina moja au mawili ya zamani kabisa kutoka chini, yale yaliyokuwa kama kuni. Sisumbuki kutafuta jicho linalotazama nje ili nikate juu yake. Vishada vilivyonyauka navikata nikipita na kikombe cha chai mkononi.

Kijana yule hajui kwamba nilimsamehe siku ile ile ya wiki ya saba. Namwacha hivyo hivyo, awe mwangalifu na viazi vyangu.

Sasa hivi nina makopo tisa kando ya tangi, yote ya vijiti kutoka kwenye kichaka cha Shosho. Matatu yameshatoa majani mapya. Moja limeombwa na binamu, yule yule wa Naivasha. Anataka kulipanda mlangoni pa nyumba yake ya kupanga, kwa sababu, anasema, akitoka kazini hataki kuona waridi lolote linalohitaji kuangaliwa.