Kwa Mkaguzi Mpya wa Nyama: Itazame Ngozi Kabla ya Mzoga

Wiki zako za mwanzo machinjioni utafundishwa kupasua tezi kutafuta kifua kikuu, kuchanja ini kutafuta minyoo bapa na kukata misuli ya shavu kutafuta malengelenge ya tegu. Jifunze kazi hiyo vizuri, kwa sababu ndiyo utakayojaza kwenye fomu kila siku. Hata hivyo, bakteria wanaowapeleka watoto hospitalini kwa kuhara damu na kushindwa kwa figo hawaachi alama yoyote kwenye ini wala kwenye tezi.

Chukua mfano wa bakteria aitwaye E. koli O157. Ng'ombe anayembeba hula vizuri, hucheua na hutembea kama wenzake, kwa kuwa mishipa yake ya damu haina pa kunasa sumu ya bakteria huyo, tofauti na mishipa ya binadamu. Makazi anayoyapenda zaidi ni sentimita chache za mwisho za puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, kwa hiyo kila kinyesi kinapotoka hupita juu yake na kumzoa. Tena ng'ombe hawamwagi bakteria kwa kiwango kimoja: leo mnyama anaweza kuwa nao wengi kinyesini na wiki ijayo asiwe na hata mmoja. Watafiti waliofuatilia mifugo Scotland walibaini kwamba wanyama wachache katika kundi ndio wanaomwaga sehemu kubwa ya bakteria wote, na kiwango kinachotumika kuwatambua ni zaidi ya bakteria 10,000 katika gramu moja ya kinyesi. Piga hesabu mwenyewe: tone la kinyesi lenye uzito wa sehemu moja ya mia ya gramu, ambalo hata hutaliona kwenye mwanga hafifu wa alfajiri, linabeba bakteria 100 au zaidi, na idadi pungufu ya hiyo imekwisha kuwatosha watu kuugua.

Sasa wafikirie ng'ombe waliotoka Shinyanga kwa lori hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam, wamebanana, wana njaa na kiu, wamesimama juu ya kinyesi chao. Uchovu wa safari unaweza kumfanya mnyama aliyebeba bakteria wa salmonela aanze kuwamwaga kwa wingi, na aliyetoka kwao akiwa safi hufika amepakwa na jirani yake kuanzia kwato hadi kidari. Ndiyo maana nasema uchafuzi mwingi wa mzoga hutoka kwenye ngozi, na hupitia mikononi mwa mchunaji.

Mwaka wangu wa kwanza niligonga mhuri kwenye mzoga ambao viungo vyake vyote vilikuwa safi kabisa. Nyuma yangu kijana alikuwa akiufuta mzoga mwingine kwa kitambaa alichokuwa akikichovya kwenye ndoo ileile tangu tulipoanza kazi. Mzee aliyenipokea kazini alikichukua kile kitambaa, akakikamua juu ya kigae cheupe cha ukutani, na maji yakateremka yakiwa na rangi ya majani. "Mwanangu," akaniambia, "mhuri wako umeugonga juu ya haya."

Tangu siku hiyo kitambaa nimekipiga marufuku. Kinyesi kinachoonekana kikatwe pamoja na kipande cha nyama kilichokishika, kwa kisu safi, maana maji hukisambaza tu. Mkono unaoshika ngozi usiguse nyama. Kila mchunaji awe na visu viwili, kimoja mkononi na kingine ndani ya maji ya nyuzi joto 82. Puru izungushwe kisu, ivalishwe mfuko na kufungwa kamba kabla tumbo halijapasuliwa. Umio nao ufungwe. Kufunga puru huchukua muda mfupi sana, na hapo ndipo wachinjaji wenye haraka hukwepa, basi simama hapo.

Nyama ya kusaga ina mambo yake. Kwenye mnofu mzima bakteria hukaa juu, na moto huwafikia. Mashine huwaingiza ndani na kuchanganya mnyama mmoja na wengine wengi. Mwaka 1993 nchini Marekani nyama ya kusaga isiyoiva iliwaugusha watu zaidi ya 700 na watoto 4 wakafariki. Mwaka uliofuata serikali yao ikapiga marufuku E. koli O157 ndani ya nyama hiyo. Kababu inahitaji kufika nyuzi joto 71 katikati. Huku kwetu nyama nyingi hutoka machinjioni ikiwa bado na joto la mnyama na kufika buchani kabla jua halijapanda, kwa hiyo usitegemee jokofu likurekebishie kosa.

Kwa hiyo fika saa kumi alfajiri, upite bandani na tochi kabla ya kisu cha kwanza. Walioganda samadi tumboni na kidarini waamuru wachinjwe mwisho, sakafu na visu visije vikawachafulia wengine. Mwenye ng'ombe atakulalamikia kwamba wateja wake wa supu wanasubiri. Mpe pole, kisha mwonyeshe kidari cha ng'ombe wake kwa tochi.