Kivimbe kwenye pafu la baba: kinyama kitolewe kwa njia ipi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yetu ana miaka 64. Alivuta sigara kwa muda mrefu na aliugua kifua kikuu ujanani. Sasa anaishi kwa dada yangu huko Ohio, Marekani, ambako picha ya CT imeonyesha kivimbe cha milimita 18 pembezoni mwa pafu la kulia. Madaktari wanataka kupitisha mrija mdomoni ili wachukue kinyama cha kupima. Mama anahofia kwamba kivimbe kikichokonolewa, saratani itasambaa. Shemeji naye anauliza kwa nini wasitumie sindano ya kifuani. Tufuate lipi? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Vivimbe vingi vya mapafu si saratani, lakini kwa umri wa mzee, sigara alizovuta na ukubwa huo, hakipaswi kuachwa bila majibu. Kovu la kifua kikuu linaweza kufanana na saratani kwenye picha, hata zile za kisasa, kwa hiyo kinyama ndicho kitakachoamua. Hata hivyo, kabla ya siku hiyo, tafuteni nyumbani picha zake za zamani za kifua, kwani kivimbe kilichokuwapo miaka mingi bila kukua hubadilisha kabisa mashauri ya madaktari.

Mrija wa kawaida haufiki pembezoni mwa pafu, kwa sababu njia za hewa huko ni nyembamba mno. Ndiyo maana kompyuta huchora ramani kutokana na picha ya CT, kisha mrija mwembamba, mara nyingine ukiongozwa na roboti, hufuata ramani hiyo huku mgonjwa akiwa usingizini kwa dawa. Ugumu ni kwamba picha ile ilipigwa mzee akiwa ameshikilia pumzi, ilhali akilazwa usingizi pafu hupungua ujazo na kivimbe huhama kidogo kutoka pale ramani inapokionyesha. Kwa hiyo dada yako aulize swali hili hasa: mtathibitishaje, wakati huohuo, kwamba sindano inayopitishwa ndani ya mrija imeingia ndani ya kivimbe? Jibu zuri ni altrasaundi inayopitishwa ndani ya mrija, au picha za CT zinazopigwa palepale mezani.

Shemeji hajakosea, maana sindano ya kifuani ni njia halali. Lakini katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2025, uliohusu vivimbe vya milimita 10 hadi 30, mrija ulitoa majibu sahihi kwa asilimia 79 na sindano kwa asilimia 73.6, huku hewa ikivuja nje ya pafu kwa asilimia 3.3 ya waliopitishiwa mrija na asilimia 28.3 ya waliochomwa sindano. Kwa pafu lililochoshwa na moshi, tofauti hiyo naiona ni kubwa. Isitoshe, mrija unaweza kupima pia tezi za katikati ya kifua katika kikao hichohicho.

Mwambieni mama kwamba saratani kusambaa kwa sababu ya kipimo hiki ni jambo la nadra sana, na kwamba kuchelewa ndiko kunakonitia hofu zaidi. Kukohoa damu kidogo kwa siku moja au mbili ni kawaida; ikizidi, au pumzi ikibana, arudishwe hospitali mara moja. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, madaktari wajue mapema.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni namna ya kusoma majibu. “Saratani haikuonekana” si sawa na “kivimbe si saratani”. Wakikuta vijidudu vya kifua kikuu, hilo ni jibu, na ombeni mapema sampuli ioteshwe maabara ili kuvitafuta. Wakikuta nyama ya kawaida ya pafu tu, huenda sindano ilikikosa kivimbe, na hapo dada asikubali kuondoka bila mpango ulioandikwa: kipimo kirudiwe, upasuaji ufanywe, au CT nyingine ipigwe kwa tarehe inayojulikana.