Kutua Kisongo na kuondokea KIA siku hiyohiyo: usilipe hiyo tiketi!

Mleta uzi, simama hapohapo. Umesema ndege yako ya kutoka Seronera, Serengeti, inatua Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha, saa 8:40 mchana na ya kwenda Doha inaondoka KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, saa 11:10 jioni, unauliza umbali na uzito wa mabegi. Umbali ni kama kilomita 60. Lakini kaunta ya ndege za nje hufungwa saa moja kabla, kwa hiyo una dakika 90 tu, na hapo ni kama ndege ya kwanza haikuchelewa. Nayo itachelewa, kwa sababu ndege ndogo za mbugani huokota abiria viwanja vingine njiani.

Mimi nilikuwa mpishi wa kambi Serengeti, nikapata kazi Doha, barua ya mkataba nimeibeba kwenye folda kama cheti cha ndoa. Kijana wa duka la tiketi akaniambia, "Kaka, vyote viwanja vya Arusha, teksi dakika 40." Alinidanganya mchana kweupe! Kisongo iko magharibi ya mji, njia ya Dodoma. KIA iko wilaya ya Hai, mkoa mwingine kabisa! Katikati kuna Arusha nzima.

Nilitua nusu saa nyuma ya ratiba. Mbauda foleni. Sanawari foleni. Ilikuwa Jumamosi, soko la Tengeru limejaa, mama mmoja anavuka na mkungu wa ndizi kichwani, hana haraka wala hapaswi kuwa nayo. Usa River dereva akapigwa tochi ya mwendo na trafiki, tukasimama kuandikiwa. Nilipofika kaunta, dada alikuwa anakunja kamba za foleni. Ndege naiona kwa kioo, mlango bado wazi. Akaniambia, "Pole kaka, tumeshafunga."

Na hapa ndipo penye hasara yenyewe, soma polepole: yule kijana aliniuzia tiketi mbili mbalimbali. Ingekuwa tiketi moja, shirika lingewajibika kunitafutia ndege nyingine. Zikiwa mbili, wa kwanza anasema amekufikisha, wa pili anasema hukutokea. Nauli yote ikapotea. Tarehe ya kuripoti kazini ikapita, nafasi akapewa mwingine. Nilipomrudia kijana, eti "ungewahi." Ningewahi na nini, mabawa?

Kwa hiyo angalia herufi tatu kwenye tiketi: ARK ni Kisongo, JRO ni KIA. Zikitofautiana, weka masaa matano kamili toka ratiba ya kutua hadi ratiba ya kuruka. Usipoyapata, lala Usa River, uondoke kesho yake. Masaa matano, ndugu yangu, hata dereva akuapie kwa Mungu kwamba anajua njia za panya.

Ficha jina na namba, kisha weka hapa picha ya tiketi zote mbili. Nipo macho, nitazisoma usiku huuhuu.