Binti anayetishiwa kwa picha zake
Dada, kwa huyo binti wa kidato cha pili anayeambiwa picha zake zitasambazwa asipotuma nyingine: mwambie kwanza mwenye kosa ni anayemtisha. Ukianza na "kwa nini ulituma?" atanyamaza.

Asilipe, asitume nyingine, asifute meseji. Pigeni skrinshoti za vitisho, namba na jina la akaunti. Picha yenyewe usiiombe wala usiirushe kwenye grupu la kazi, hata kwa nia njema! Nenda naye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au pigeni 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Huduma ya mtandaoni iitwayo Take It Down nayo husaidia kuiondoa mitandaoni bila picha kutoka kwenye simu yake.

Wengine hufikia kutaka kujidhuru. Muulize waziwazi, na usiku huo asiachwe peke yake.