Kabla ya Darwin, tafuta kamba: kwa mwalimu mpya wa mada ya chimbuko la uhai

Mwalimu mwenzangu unayeanza kazi, uwe umepangiwa Baiolojia au Historia, mada hii utakutana nayo. Kitabu kitakuvuta uanze na fasili, uende kwa Lamarck, umalizie kwa Darwin na nadharia zao za mageuzi ya viumbe, wanafunzi wakinakili mpaka kengele ilie. Nakusihi usianze hapo. Mwanafunzi asiyehisi urefu wa muda hawezi kuyapima haya mambo, atayakariri tu. Miaka milioni 2 na miaka bilioni 2 kwake zote ni "zamani sana".

Tafuta kamba ya katani ya mita 45. Dunia ina umri wa miaka takriban bilioni 4.5, kwa hiyo kila mita ni miaka milioni 100, kila sentimita miaka milioni 1, kila milimita miaka laki moja. Ncha moja ifunge kwenye mlingoti wa bendera, hiyo ndiyo leo. Ncha ya pili ni mwanzo wa dunia. Wape wanafunzi vitambaa vya kanga kuukuu wafunge wenyewe, lakini kwanza waache wabashiri. Wengi huwaweka dinosaria katikati ya kamba. Kisha wapime: wale wa Tendaguru, Lindi, wapo mita moja na nusu tu kutoka mlingotini. Dinosaria wakubwa walitoweka kwenye sentimita 66. Zinjanthropus, zamadamu wa Olduvai, yuko chini ya sentimita 2. Binadamu wa aina yetu, milimita 3. Kilimo kina miaka kama 10,000, hakuna kitambaa chembamba cha kukionyesha.

Usiharakishe hapo. Utajiri wa zoezi hili uko kwenye kamba tupu. Visukuku, yaani mabaki yaliyohifadhiwa miambani, vya wanyama vinavyoeleweka vizuri vinaanza chini kidogo ya mita 6 kutoka leo. Nyuma yake kuna karibu mita 39 zisizo na kitambaa cha mnyama. Atatokea tu wa kuuliza, "Sasa mwalimu, huko kote kulikuwa na nini?" Subiri swali hilo, usilitangulie. Kulikuwa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na kwa muda mrefu bakteria na jamaa zao peke yao. Matabaka waliyoyaacha kwenye miamba ya Pilbara, Australia Magharibi, yana miaka karibu bilioni 3.5. Baadhi yao walitengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kutoa oksijeni, nayo ilianza kujikusanya hewani takriban miaka bilioni 2.4 iliyopita. Pumzi tunayovuta ilianza na wao, na bado tunawapitia haraka ili tumfikie binadamu. Kwangu mimi hilo ni kosa la kweli la ufundishaji.

Swali la pili ni "tumejuaje?" Hapa tuna bahati ambayo walimu wa nchi nyingi hawana. Chukua Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Majivu ya volkano yalitua, yakaloa mvua, zamadamu wakapita juu yake, yakagandamana, yakafunikwa na majivu mengine. Nyayo hizo, zilizofukuliwa na timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey kuanzia 1978, zina miaka milioni 3.66. Umri huo hauotwi. Ndani ya majivu kuna potasiamu ya mionzi inayogeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiyeyuka gesi hutoroka, ukiganda huanza kujikusanya upya, na kiasi chake hupimwa. Waambie pia kwamba nyayo nyingine zilizoonekana karibu na hapo mwaka 2015 zilichunguzwa na watafiti wa Kitanzania, akiwamo Profesa Fidelis Masao. Na ukifika Tendaguru, mtaje Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji katika msafara wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913. Mifupa ilibebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na leo mmoja wa dinosaria hao amesimamishwa Berlin, kimo chake kinazidi mita 13. Mtoto anayejua hilo hawezi kudhani sayansi hii ni ya watu wengine.

Kwa uteuzi wa asili, yaani wenye sifa za kurithi zinazowafaa kubaki na kuzaana zaidi, acha twiga wa kitabuni, tumia malaria. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza kwa sababu haikuwa ikiponya tena. Wanafunzi watasema vimelea "vilizoea dawa". Warekebishe papo hapo: hakuna kimelea kilichozoea. Wachache walikuwa na tofauti ya kurithi, dawa ikaua wenzao, wao wakazaana.

Kuhusu "mbona nyani wa leo hawageuki watu?", jibu kwa ukoo: binamu yako hakukuzaa, mna babu mmoja. Sisi na sokwe mtu tuliachana takriban miaka milioni 6 au 7 iliyopita, yaani sentimita 6 au 7 za ile kamba.

Atakayeuliza kuhusu Mungu usimkejeli, wala usimgeuze mshindani wako mbele ya darasa. Mwambie kipindi hiki kinahusu ushahidi wa miamba, mifupa na chembe za urithi, na imani yake haikaguliwi hapa. Akitulia ataendelea kusikiliza. Akiaibishwa umempoteza mwaka mzima.

Mwisho wataulizia uhai wa kwanza kabisa. Mwaka 1953 mkemia Stanley Miller alipitisha cheche za umeme kwenye mchanganyiko wa gesi na mvuke wa maji, akapata asidi amino, matofali ya protini. Usilifundishe jaribio hilo kana kwamba lilimaliza swali. Kutoka asidi amino mpaka seli inayojigawa ni mbali, hatua za katikati bado zinachunguzwa maabarani, na mwanafunzi wa Kidato cha Nne anaweza kabisa kuambiwa hivyo.