Nyumba ya Magurudumu Huanza na Tela: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Toleo hili tumelitengea barua tatu kuhusu nyumba ndogo za mbao zinazojengwa juu ya tela na kuvutwa na gari, ujenzi ulioenea Marekani tangu mwanzoni mwa karne hii na ambao sasa unawavutia baadhi ya wasomaji wetu wanaoishi ughaibuni.

Swali: Salaam kwa wahariri wote. Mimi na mume wangu tunaishi Des Moines, Iowa, pamoja na mtoto wetu wa miaka sita. Kodi ya nyumba inatumaliza. Mume wangu ni fundi seremala tangu akiwa Bukavu, na anataka tujijengee nyumba juu ya tela la futi 24. Amekwisha kuchora vyumba vitatu, jiko na choo. Je, tuanzie wapi, na nyumba ya namna hiyo itastahimili baridi ya huku?

Jibu: Dada yetu, tunakuomba umwambie shemeji aiweke kando kwa muda michoro ya vyumba, kwa sababu nyumba ya magurudumu ni mzigo wa barabarani kabla haijawa makazi, na kila kitakachoamuliwa baadaye, kuanzia unene wa ukuta hadi ukubwa wa sinki, kitategemea tela. Kwenye fremu ya tela la kiwandani hubandikwa kibati kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, tela lenyewe likiwemo. Tela lenye ekseli mbili za ratili 7,000 kila moja kwa kawaida huruhusiwa kufikisha ratili 14,000, yaani takriban kilo 6,350. Ukiondoa uzito wa chuma, kinachobaki ndicho mtakachogawanya kati ya mbao, mabati, madirisha, samani, maji, nguo na vyombo. Fundi aliyezoea kujenga juu ya ardhi hana sababu ya kuipima nyumba kwa kilo, na hapa ndipo hata mafundi hodari hukwama: wanachagua mbao nene na marumaru za sakafuni kwa nia njema ya kujenga kitu imara, kisha wanagundua kwamba tela limelemewa kabla kitanda hakijaingia. Ipelekeni nyumba kwenye mizani ya malori mara tu kuta zinaposimama na paa kuezekwa, wakati bado mnaweza kubadilisha mengine, halafu mwipeleke tena ikishakamilika.

Mahali uzito unapokaa ni muhimu sawa na wingi wake. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote inapaswa kukalia mkono wa tela, pale unapoungana na gari. Ikipungua, tela huanza kuyumba kushoto na kulia lori linapolipita kwa kasi, na kuyumba huko kukizidi, dereva hawezi tena kukurekebisha kwa usukani. Ikizidi, nyuma ya pikapu hulemewa, magurudumu ya mbele hukosa mshiko, na usukani pamoja na breki hupungua nguvu. Kwa hiyo vitu vizito, kama vile jiko, tangi la maji na kabati la vyombo, vikae chini na karibu na ekseli. Tangi la lita 150 likijaa lina kilo 150 za maji, na litasafiri salama zaidi likiwa tupu.

Baada ya hapo ndipo shemeji achukue penseli. Barabara za Marekani kwa ujumla huruhusu upana wa futi 8 na inchi 6 bila kibali maalumu, na katika majimbo mengi kimo cha futi 13 na inchi 6 kutoka ardhini, takriban mita 4.1. Sakafu ya tela inaanza kiasi cha futi mbili juu ya lami, sakafu ya nyumba na paa vikichukua futi moja nyingine kwa pamoja zitabaki futi kumi na nusu za kugawanya. Chini mtu mzima asimame bila kuinama, hivyo tenga futi 6 na inchi 8. Ukitoa inchi nne za mbao za dari ya kulalia, yaani jukwaa la kitanda lililo chini ya paa, juu yake patabaki futi tatu na nusu. Mtu atakaa kitandani, hatasimama. Kwa upana, kuta mbili zikimeza karibu inchi 11, ndani mtakuwa na futi 7 na inchi 7, na eneo lote la sakafu halitazidi sana futi 175 za mraba, yaani mita 16 za mraba. Vyumba vitatu haviwezekani. Kinachowezekana, na ambacho tungekipendelea kwa familia yenu, ni chumba kimoja kidogo cha chini chenye mlango kwa ajili ya wazazi, dari ya kulalia kwa mtoto, na sehemu iliyobaki iwe sebule na jiko kwa pamoja. Mlango huo wa ndani msiuondoe kwa kutafuta nafasi, kwa maana watu watatu katika eneo hilo, katikati ya Januari, watahitaji mahali pa kujitenga kuliko watakavyohitaji kabati.

Kipimo hicho cha futi 6 na inchi 8 tumekitoa katika Kiambatisho Q cha toleo la 2018 la kanuni za kimataifa za ujenzi wa makazi, kanuni zinazofuatwa katika sehemu kubwa ya Marekani. Kiambatisho hicho kinahusu nyumba zisizozidi futi 400 za mraba, na kinataka dari ya kulalia iwe na angalau futi 35 za mraba pamoja na dirisha ambalo mtu anaweza kulitumia kutoroka. Kimeandikwa kwa ajili ya nyumba zenye msingi, lakini sisi tunasisitiza mkifuate hata kama nyumba yenu ina magurudumu. Moto ukianza jikoni, ngazi ya kushukia iko palepale kwenye moshi, na mtoto anayelala juu hana njia nyingine isipokuwa dirisha hilo. Mfundisheni kulifungua mwenyewe.

Kuhusu baridi, sufi au povu la kuzuia joto lisipotee ni jambo ambalo shemeji atalipata kwa urahisi dukani, na tunaamini atalipanga vizuri. Kinachowashinda wengi ni unyevu. Watu watatu wakipumua usiku kucha katika nafasi ndogo iliyofungwa, na chai ikachemshwa asubuhi kwa gesi, mvuke wote huo hutafuta mahali pa baridi pa kutulia. Kilo moja ya gesi ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Mtayaona kwanza kwenye vioo vya madirisha, yakiteremka hadi kwenye fremu ya mbao. Msipoyaona, inueni godoro lililolazwa moja kwa moja juu ya plaiwudi mkaguse upande wa chini, mtakuta limelowa na madoa meusi ya kuvu yameanza. Wekeni chaga chini ya godoro ili hewa ipite, feni ya kutoa mvuke juu ya jiko na bafuni, na kama fedha zinaruhusu, mashine ya kubadilisha hewa inayorudisha ndani joto la hewa inayotoka. Msitumie hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi nje. Kengele ya kaboni monoksaidi na ya moshi zifungwe kabla hamjalala humo usiku wa kwanza. Bomba linaloleta maji lizungushiwe waya wa umeme wa kulipasha joto, na nafasi iliyo chini ya sakafu izibwe pande zote wakati wa majira ya baridi.

Limebaki swali ambalo hukuliuliza, nalo ndilo zito kuliko yote: mtaiegesha wapi? Jimbo lenu la Iowa lina nafasi katika historia ya jambo hili, kwa kuwa mwaka 1999 Jay Shafer alijijengea huko Iowa City nyumba ya takriban futi 100 za mraba, akaiweka juu ya magurudumu kwa sababu kanuni za ujenzi hazikuruhusu makazi madogo kiasi hicho. Magurudumu yaliitoa nyumba katika kundi la majengo na kuiingiza katika kundi la magari. Lakini mji unaokubali gari liegeshwe uani huenda usikubali watu waishi ndani yake. Fresno, katika jimbo la California, iliruhusu mwaka 2016 nyumba za namna hii ziwe makazi ya pili katika kiwanja chenye nyumba, na Portland, katika Oregon, ikalegeza masharti yake mwaka 2021. Nendeni ofisi ya mipango miji ya mahali mnapokusudia kuishi, si pale mnapoishi sasa, mkaulize kama mtu anaruhusiwa kuishi mwaka mzima katika nyumba iliyo juu ya tela, nani lazima awe mmiliki wa kiwanja, na maji taka yataelekezwa wapi. Jibu mlitake kwa maandishi, na tela msilinunue kabla hamjalipata.

Swali: Wahariri, hamjambo. Naishi Lyon, Ufaransa, na kazi zangu ni za msimu: zabibu, tufaha, kisha milimani wakati wa theluji. Nataka nyumba ya magurudumu nihame nayo kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mnanishauri vipi?

Jibu: Ndugu yetu, tunakushauri ununue karavani. Tunajua si jibu ulilolitarajia, na tunazipenda nyumba hizi kwa dhati, lakini hazikuundwa kwa ajili ya mtu anayehama mara nne au zaidi kwa mwaka. Nchini Ufaransa tela na kila kilichomo visizidi tani 3.5, na upana usizidi mita 2.55. Nyumba nyingi hujengwa zikiukaribia uzito huo, kwa hiyo utahitaji leseni ya udereva ya daraja la BE, ile ya kuvuta tela zito, na gari lenye uwezo ulioidhinishwa wa kuvuta tani tatu na nusu, na magari ya kawaida ya familia hayafiki hapo. Ukuta wima wa mbao wenye kimo cha zaidi ya mita nne hupambana na upepo njia nzima, mafuta yakiteketea, na kwenye barabara za milimani kila daraja la chini na kila tawi la mti itakubidi ulipime kwa macho kabla hujapita. Kila uhamapo utalazimika kufunga kabati zote, kumwaga maji, kuinua jeki za pembeni, kisha ukifika uanze kuisawazisha nyumba upya kwa pima maji, kwa sababu nyumba ikiinama kidogo milango haifungi na maji ya sinki hayatoki.

Iwapo siku moja utapata kazi ya kudumu, rudi kwenye wazo lako. Sheria ya ALUR ya mwaka 2014, sheria ya Ufaransa kuhusu nyumba na mipango miji, iliyatambua makazi yanayoweza kubomolewa na kuhamishwa kuwa makao ya kudumu, na halmashauri ya mji inaweza kuyatengea eneo. Hata hivyo, tela likikaa zaidi ya miezi mitatu kwa mwaka katika kiwanja kisicho na makazi yako, halmashauri inatakiwa kuarifiwa mapema.

Swali: Mimi na dada yangu tuko Columbus, Ohio. Tumepata nyumba iliyokwisha kutumika, inauzwa katika jimbo jirani, na mwenyewe ametukaribisha tukaizungukie Jumamosi. Picha zake zinapendeza sana. Tukifika tukague nini?

Jibu: Anzieni chini. Chukueni tochi na kipande cha turubai, mlale chali chini ya tela, mtazame mahali chuma kilipochomelewa kama kuna nyufa au kutu inayobanduka, na mtazame pia kama kuna bolti zinazoishikamanisha nyumba na fremu, kwa maana zipo nyumba zilizoshikiliwa na uzito wake tu. Mbao za sakafu zichomeni kwa ncha ya bisibisi. Bisibisi ikizama, maji yameshaingia. Kwenye matairi soma tarakimu nne za mwisho za maandishi yanayoanza na DOT: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi lililokaa juani miaka saba bila kuzunguka linaweza kuonekana jipya na likapasuka mkiwa safarini, hivyo umri uwaongoze kuliko kashata zake.

Ndani, mwombeni mwenyeji afunge madirisha na kuwasha hita, mkae humo nusu saa bila kuongea sana. Harufu ya kuvu itajitokeza joto likipanda. Inueni godoro. Fungueni kabati lililo chini ya sinki mpapase kona ya nyuma. Mmoja wenu apande kwenye dari ya kulalia, alale, kisha ashuke ngazi taa zikiwa zimezimwa, kwa sababu ndivyo atakavyoshuka kwenda msalani usiku. Mwingine apike chai, aoshe kikombe, ageuke bila kumpisha mwenzake. Choo kikiwa cha mboji, ulizeni kwa uwazi kinamwagwa wapi na mara ngapi. Mwenye nyumba aliyeishi humo kweli atajibu bila kusita.

Kisha ombeni karatasi ya mizani. Kama haipo, ombeni nyumba ipelekwe kupimwa kwa gharama yenu, mlinganishe na kibati cha tela. Nyaraka za umiliki zisomwe kwa makini: nyingine zinalitaja tela peke yake, na nyumba iliyo juu haimo, jambo litakaloleta matatizo ya mkopo na bima. Pigieni kampuni ya bima kabla ya Jumamosi, mkiwaeleza kwamba mtaishi humo mwaka mzima na kwamba nyumba ilijengwa na mwenyewe nyumbani kwake, ikiwa ndivyo ilivyo, kwa sababu baadhi ya kampuni hukubali tu nyumba zilizotoka kwa mjenzi mwenye cheti. Na kama mtainunua, mlipeni dereva mzoefu ailete Columbus. Nyinyi mfuate nyuma kwa gari jingine, mkiwa na namba yake ya simu, mkiangalia kama mlango umefungwa na kama taa za nyuma zinawaka.